Maandishi Niliyoyapotosha

Wakati wa Zaire nilikuwa mwandishi katika biro ya jandarmeri, askari wa serikali, hapa Kalemie. Sikushika bunduki. Nilikaa nyuma ya mashini ya kuandikia nikipiga maneno ya watu waliokuja kulalamika, na kwa sababu hiyo nilijiona mikono yangu ni safi.

Asubuhi moja aliingia jirani yetu, mama wa Zongwe aliyeuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, na aliyeimba kanisani pamoja na mke wangu. Bandarini jandarme alikuwa amemdai mume wake samaki wa bure. Mume alipokataa, akapigwa kitako cha bunduki hadi mkono ukavunjika. Mama alieleza yote akiwa amesimama, ingawa nilimwonyesha kiti.

"Nimekuja juu weye uko humu," aliniambia. "Ingekuwa muntu mwingine, ningebakia kwangu."

Adjuda, mkubwa wetu, alikuwa mlangoni akisikiliza. Alinisogelea akaniambia kwa Kifaransa, ili mama asielewe: andika kwamba mume alilewa, akateleza mtumbwini.

Nilikuwa na watoto wanne wa kulisha, lakini sitajificha nyuma yao. Niliogopa uso wa mtu mmoja, basi. Nikapiga mashini kama nilivyoamriwa.

"Papa, umeandika vile nilisema?"

"Njo vile, Mama."

Hakujua kusoma. Alichovya kidole kwenye wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote, kana kwamba aliogopa alama isije ikafifia.

Jandarme yule hakuulizwa neno. Mkono wa mume ulipona ukiwa umepinda, hakuweza tena kuvuta wavu. Akawa anashinda nyumbani akishona nyavu za wenzake, ncha moja ya uzi ameing'ata kwa meno. Mimi nilipita pale kila siku nikienda kazini, na kila siku walinisalimu kwa heshima.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mama hakuacha kuniamini. Sokoni aliwaambia wenzake kwamba ndani ya biro ile kuna mtu mmoja mwema. Wanawake wawili wakaja kwa neno lake, kila mmoja akiniulizia mimi. Ya wa kwanza niliyapotosha kama ya mama; ya wa pili niliyaandika kwa ukweli. Adjuda akaichana karatasi mbele yangu, nikaandika upya alivyotaka.

Siku ile niliporudi sikufika nyumbani kwangu. Niliingia kwa jirani, nikamkuta mama akianika samaki, mume kando yake. Nikawaambia.

"Ile karatasi ilisema nini?" mama aliuliza. "Sema yote."

Nikaisema yote. Niliposema "amelewa," mume, ambaye hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe, alicheka kidogo, akainuka akaingia ndani.

Mama aliendelea kutandaza samaki.

"Na wale wanamuke wawili nilikutumia?"

"Na wao vilevile."

"Basi utaenda kwabo. Weye mwenyewe, hapana mimi."

Kwa wa kwanza nilikwenda. Alinifukuza, na alikuwa na haki. Kwa wa pili nilifika hadi uani, nikamsikia ndani akicheka na watoto wake. Nikageuka, nikijiambia nitarudi kesho. Juma lile alipanda treni akahamia kwao Kongolo. Kuandika ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na hata barua moja sikumwandikia.