Mama Hakutua Mzigo

Siku zetu, na nyinyi wa rika langu ni mashahidi, wimbo mpya haukukufuata kitandani. Wewe ndiye uliufuata, kwa miguu, na mara nyingi bila viatu. Leo mjukuu wangu Wangui analala na simu shavuni, anaamka ananiambia ati amepata wasanii watatu wapya. Amewapatia wapi? Usingizini. Hajatoka hata nje kuona kama kumekucha. Mimi nikitaka kusikia wimbo mpya nilikuwa nishuke kilima kutoka laini ya polisi, nipite kando ya bomba la maji, nikanyage ile baridi ya Nyeri inayouma vidole kama kaa la moto, mpaka sokoni, mbele ya duka la Mzee Salimu. Nikichelewa, basi. Nitausikia kwa midomo ya watoto wengine, na watanicheka juu yake.

Sisi tulizaliwa laini ya polisi, kwenye nyumba za askari. Baba alikuwa askari, Mluhya wa huko magharibi, na mama alikuwa Mkamba. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, chumba kimoja na pazia katikati. Jirani wa kulia Mteso, wa kushoto Mtaita, wa nyuma Mmeru, kwa hivyo lugha ya kugombana na ya kuombana chumvi ilikuwa Kiswahili, hiki hiki cha kuokotaokota. Shule nilifika darasa la nne nikatolewa nikalee wadogo wangu. Anayetaka sarufi aende kwa mwalimu. Mimi niko na mambo ya kusema.

Mzee Salimu alikuwa mtu wa mtaa wa Majengo, kofia nyeupe kichwani, sweta nzito juu ya kanzu kwa sababu ya upepo wa mlima. Aliuza sahani za santuri. Spika yake aliifunga kwa waya juu ya mlango, inaangalia soko lote. Kila Jumamosi basi la Nairobi lilimletea katoni, naye aliifungua mbele ya watu polepole kama iliyo na mayai ndani. Anatoa sahani, anapuliza vumbi, anaweka sindano. Hakutaja mwimbaji mpaka wimbo uishe. Alisema ukitajiwa jina kwanza utapenda jina. Hakuangalia hata sahani ikizunguka. Alikuwa anaangalia migongo ya akina mama.

Mnajua wanawake wa kwetu walivyobeba, na wengine bado wanabeba. Gunia la viazi vya Mweiga mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imenyooka mbele kama ya ng'ombe wa jembe. Mama mwenye mzigo kama huo hasimami ovyo. Na kutua hawezi kutua ovyo, maana akishatua lazima atafute mtu wa kumshikia ndiyo ainuke tena. Sasa Mzee Salimu alikuwa na sheria moja. "Mwanamume husimama kutazama kitu chochote," alisema, "hata mbwa wakipigana. Nionyeshe mama ametua mzigo, nami nitakuonyesha wimbo." Mama mmoja akitua, wimbo unarudiwa mara ya pili, na wiki ijayo katoni nzima inaagizwa. Wasipotua, Mzee Salimu anainua sindano katikati ya wimbo, krrr, sahani inaingia chini ya meza, na hutausikia tena mpaka ufe.

Sisi watoto wa laini tulikuwa watano, na kazi yetu tuliijua. Wimbo mzuri ulipigwa mara mbili peke yake, kwa sababu Mzee Salimu hakuwa mjinga, alitaka watu wanunue. Kwa hivyo tuligawana. Kila mtoto alibeba mstari wake. Mimi nilikuwa wa mstari wa tatu siku zote. Wimbo ukiisha tulipanda kilima mbio, kila mmoja ananong'ona mstari wake, hatusalimii mtu, maana ukisema tu "shikamoo" mstari umeanguka. Tulichapwa sana kwa kutosalimia wazee. Tukifika kwa bomba tunaunganisha, mmoja baada ya mwingine, mpaka wimbo unasimama mzima. Kuna wimbo mmoja mpaka leo naujua na tundu katikati, kwa sababu mtoto wa mstari wa nne aliumwa na nyuki njiani. Tuliuimba hivyo hivyo, la la la mahali pa nyuki. Jioni utasikia mama zetu wanauimba wakikoroga ugali, na la la la yake pia. Baba akitoka kazini anauliza, "Huu ni wa nani?" Hivyo ndivyo mwimbaji alijulikana Nyeri. Alipita kwa mgongo wa mama na mdomo wa mtoto.

Sasa nifike mahali ninapopaogopa.

Kaka yangu mkubwa aliitwa Shadraka. Gitaa yake ya kwanza aliitengeneza kwa debe la mafuta na waya za breki za baiskeli, na ilikuwa inakata vidole mpaka mama akawa anamfunga kwa vitambaa. Baadaye akapata gitaa ya ukweli. Baba alikuwa anasema, "Gitaa si kazi, ni ugonjwa wa vidole."  Shadraka aliosha magari ya wakubwa wa baba mwaka mzima, akapanda basi, akaenda Nairobi, akaimba mbele ya mashine. Alirudi amekonda na amenyamaza, tukangoja sahani itoke miezi na miezi.

Kungoja kulimchosha baba. Kulikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa huko Mweiga, wanatafuta mkamaji. Ijumaa jioni, habari ikifika kwamba sahani iko kwenye katoni ya kesho, baba alimwambia mbele yetu sote: "Shadraka, ikisimamisha watu, uimbe. Ikikosa, Jumatatu uko Mweiga chini ya ng'ombe. Sirudii." Na kweli baba hakuwa mtu wa kurudia.

Jumamosi hiyo Shadraka alipiga pasi shati mpaka likang'aa, kisha akaenda kujificha nyuma ya nguzo ya duka la mkabala. Sisi watano tulikuwa mbele kabisa. Kitu ambacho hakuna aliyejua ni kwamba wimbo ulikuwa wa kumwimbia mama. Alimtaja, Mama Shadraka, akasema habari ya kabichi zake, na vile analala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Shadraka alikuwa amemwomba Mzee Salimu aupige saa nne, saa ambayo mama alipita hapo na kabichi akienda kwenye sehemu yake ya kuuzia. Alitaka umkute njiani. Mtoto wa kiume, unajua, kitu cha kumwambia mamake nyumbani anaona haya, anaenda kukisema kwa spika.

Gitaa ilianza, na ninawaambia bila kujisifu, soko lilipunguza mwendo. Akina mama sita au saba walisimama. Walikuwa bado wameinama, vidole vimeshika kamba kwenye paji, ile ya kusema natua ama situi. Halafu jina likatoka kwa spika. Wote wakageuka, kwa sababu huyo hapo anakuja, Mama Shadraka mwenyewe, gunia la kabichi mgongoni.

Niliona akisikia. Mguu wake ulikwama kama mtu amekanyaga mwiba. Nilisema moyoni, tua, mama. Tua tu. Kila jicho la soko lilikuwa kwake. Mama akainamisha uso, akavuta kamba, akapita. Alipita moja kwa moja, hakuangalia spika, hakuangalia nguzo.

Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe hata mamake hautaki?" Mwingine akacheka. Na hao wakaenda, mmoja mmoja, na viazi vyao. Mzee Salimu alingoja. Hiyo lazima nimpe, alingoja kuliko siku nyingine yoyote, akiangalia ile nguzo. Kisha akainua sindano. Krrr.

Kwa bomba hatukuunganisha kitu. Tulirusha mawe tu, kila mtu na mstari wake tumboni.

Usiku huo baba hakuwa na haja ya kurudia. Shadraka ndiye alisema. "Mama, ni wewe nilikuwa naimba."

"Nilisikia."

"Mbona ukapita?"

Mama alikuwa anakoroga ugali, na hakuacha. "Mtu akisifiwa sokoni anasimama? Asimame aseme nini, ndiyo, mzuri anayetajwa ni mimi? Kwetu anayesifiwa hupita."

"Watu wote walikuwa wanakuangalia."

"Ndiyo maana nilipita."

Jumatatu Shadraka alikwenda Mweiga na blanketi moja. Gitaa alimwachia mtoto wa Mtaita.

Nimemkasirikia mama miaka mingi, halafu nikamkasirikia baba, halafu wale wanawake, halafu nikazunguka nikarudi kwa mama. Yeye alidhani anamfanyia mtoto wake heshima. Hakujua wengine wanamngoja yeye. Baadaye Mzee Salimu alimletea sahani moja imefungwa kwa gazeti, bure, na mama akaificha kwenye sanduku pamoja na nguo zake nyeupe za kanisa. Mashine ya kuipigia hatukuwahi kuwa nayo. Alipokufa tulimwekea chini ya kichwa, kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alizikwa na wimbo ambao hakuusikia mpaka mwisho. Na hakuna yeyote kati yetu aliyeusikia.

Basi mwezi uliopita nimekaa nje namenya viazi, Wangui anakuja na simu yake. "Shosho," hivyo ndivyo watoto wa Nyeri huita nyanya yao, "skiza hii ngoma. Ni ya kitambo lakini ni kali. Simu imeniletea tu."

Uzi wa kwanza wa gitaa ulipolia, kisu kilinitoka mkononi. Niliufuata wimbo mpaka pale Mzee Salimu alipoinua sindano, nikafumba macho nikingoja ile krrr. Haikuja. Wimbo ulipita hapo ukaendelea. Na huko mbele kuna ubeti ambao Nyeri haikuusikia, Shadraka anawaambia wanawake wa soko, enyi mama, mshikieni huyu mzigo, hawezi kutua peke yake. Sindano ilikuwa imebakisha mistari miwili peke yake kuufikia.

Wangui ananiuliza, "Shosho, unalia nini? Ni ngoma tu."

Nikamwambia ni kaka yangu. Akaruka. Kumbe kuna mzungu aliokota sahani kuukuu mahali, akaiweka huko kwa simu, na chini yake wameandika ati mwimbaji hajulikani. Watu wa nchi ambazo siwezi hata kutaja wanausikiliza. Wanaandika kwamba wamegundua msanii mpya. Mpya! Shadraka ana meno manne, na magoti yake hayakunjiki kwa sababu ya miaka ya kuchuchumaa chini ya ng'ombe.

Wangui akaandika jina la Shadraka hapo chini ili watu wajue. Mtu mmoja akajibu, neno moja, ushahidi? Nikamwambia Wangui, "Mwambie aje na jembe. Ushahidi uko futi sita chini, chini ya kichwa cha mama." Wangui akasema, "Ai, shosho, huwezi andika hivyo." Halafu akapata wazo, maana watoto wa siku hizi wazo haliwaishii. Ati tumpigie guka, yaani babu Shadraka, aimbe kidogo tu, amrekodi, watu walinganishe sauti waamini.

Tukampigia. Nilisikia ndoo ikigonga sakafu huko Mweiga. Nilimweleza yote, na ule ubeti pia. 

"Wanataka niwaimbie ndiyo waamini ni mimi?"

"Kidogo tu, Shadraka. Jina lako liandikwe."

"Niliyemwimbia alipita," alisema. "Hao wengine niwaimbie, tunajuana? Niache nikame." Na simu akaikata yeye.

Siwezi kumlaumu. Zamani wimbo ukiuawa, uliuawa mchana, sokoni, na waliouua uliwajua kwa majina, ungeweza kukutana nao kesho kwa bomba ukawanunia. Na ukipendwa, uliona jasho la aliyeupenda. Sasa Wangui anatembea mjini amejaziwa vispika masikioni, anapita mwenzake amejaziwa masikio, pengine wote wawili wako na wimbo ule ule wa kaka yangu na hawajui. Hakuna anayesimama, hakuna anayecheka, hakuna mtoto anayepanda kilima ameshika mstari. Jana ameniambia tena kwa furaha ati wanaompenda guka wanaongezeka kila siku. Nikamwambia nionyeshe hao watu. Akanionyesha vidole gumba vya kuchorwa, vimepangwa kama maharagwe. Nikatafuta na miwani. Hakuna hata uso mmoja.