Meno ya Happyness

Binti yangu Happyness ndiye mwanamke pekee anayeendesha trekta la miwa hapa Ruhembe, na asiyeamini aje amwone anavyorudisha tela nyuma. Alianza na baiskeli ya baba yake, akahamia pikipiki, kisha akamsumbua Mzee Hezekia, mwenye trekta, hadi mzee wa watu akachoka akampa ufunguo.

Mwezi wa nane akaanguka shambani, jua kali, hajatia kitu tumboni tangu asubuhi. Akatetemeka kidogo, akaamka. Basi! Ruhembe nzima ikasema kifafa. Mzee Hezekia akachukua ufunguo wake.

"Mama Happyness, bila karatasi ya daktari siwezi."

Mwanangu akashinda ndani wiki mbili. Niliumia jamani.

Tukaenda Morogoro kwenye kipimo cha ubongo. Mpimaji, kijana mpole anaitwa Nickson, akambandika nyaya kichwani. Akanieleza kuwa ubongo una mawimbi ya umeme, ya polepole na ya kasi, na hayo ya kasi huchangamka mtu anapotambua sura au sauti anayoijua. Haya, sawa. Mara kwenye skrini mistari ikaanza kwenda mbio, imebanana, haihesabiki. Nikajua kifafa chenyewe ndicho hicho.

"Dada, umekaza meno?" Nickson akauliza.

"Mama kasema nisiachie."

Ni kweli, ni mimi! Nyumbani kwetu mtu wa kuanguka huambiwa akaze meno asijing'ate ulimi, nami nilimkazania hivyo tangu stendi ya Mikumi. Kumbe misuli ya taya nayo ina umeme wake, tena unaufunika ule wa ubongo.

"Legeza taya, acha mdomo wazi kidogo."

Mistari ikatulia papo hapo. Nilicheka huku nalia, mbele za watu, wala sikuona aibu.

Daktari akasoma majibu, akampima moyo na damu, akauliza habari za siku ile. Akasema alizimia kwa jua na njaa, na anayezimia anaweza kutetemeka, si kifafa. Akaandika karatasi.

Jumatatu Mzee Hezekia akaisoma mara mbili, akatoa ufunguo mfukoni. Kumbe alikuwa akitembea nao siku zote. Happyness akawasha trekta, akaanza kurudisha tela karibu kabisa na mtaro, mimi nimesimama pembeni nimeng'ang'ania kanga yangu.

"Mama!" akanipigia kelele kutoka juu. "Legeza taya!"