Maji Yalipofikia

Kwa miaka thelathini na minne, fundi jalada alishona vitabu vya watu wengine. Walimu wastaafu, wahubiri, hata bwana mmoja aliyejaza kurasa mia tatu kwa habari za kuku wake, wote walimletea karatasi zao naye akazitia uzi, gundi na jalada gumu. Alipotimiza miaka sitini na mmoja, binti yake akamtania.

"Mama, umewavisha wenzako miaka yote hii, wewe mwenyewe uko uchi. Andika basi habari zako."

Akacheka, akakata karatasi, akajishonea daftari. Akaanza na utoto, maana ndiko kila mteja wake alikoanzia.

Kurasa za mwanzo hazikumpa tabu. Mama akipika huku akigombana na jirani kupitia dirishani. Baba akinyoa ndevu mbele ya kioo chenye ufa, akilaumu kioo kila alipojikata. Kisha akafika kwenye tangi.

Kisa hicho alikijua fika, kwa kuwa nyumba nzima ilikisimulia. Alikuwa na miaka saba. Akicheza uani, alitumbukia katika tangi la saruji, na kaka yake wa miaka kumi na mitatu akamwokoa. Baba alimsifu kaka mbele za majirani. Hadi leo, ndugu wakikutana, hakosekani wa kumwambia, "Bila kaka yako, wewe tungekuwa tunakutaja tu."

Akaandika: Nilitumbukia. Kalamu ikagoma.

Angetumbukiaje? Mdomo wa tangi ulikuwa juu kuliko kichwa cha baba. Na mbona mkononi alikuwa na brashi? Aliihisi mpaka sasa, mpini wake umelowa. Alikuwa akisugua. Tangi lilikuwa tupu. Halafu mwanga wa juu ukakatika, chuma kikagonga saruji, ikafuata sauti ndogo kama ya mtu asagaye meno. Komeo.

Alitoka nje mchana kweupe akasimama barabarani, anahema.

"Vipi fundi, umeona nyoka?" akauliza muuza mitumba wa jirani.

"Joto tu."

Wiki tatu hakuligusa lile daftari. Aliogopa kwamba amejitungia uongo juu ya mtu aliyemwokoa. Kisha akiinama kupaka gundi, sauti ya komeo inamrudia, nywele zinamsimama, anaogopa kwamba ni kweli. Hakujua hofu ipi ina nafuu.

Mwishowe akaenda. Kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa sebuleni peke yake. Wifi alikuwa ametoka.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Leo umeikumbuka njia?"

Maneno aliyoyapanga njiani yote yakamtoroka.

"Kaka, siku ile ya tangi. Nani alifunga mfuniko?"

Kaka akatua kikombe. Hakikukaa sawa, chai ikamwagikia kitambaa cha meza, naye hakuifuta.

"Nani amekuambia?"

Kaka hakuuliza mfuniko gani.

"Hakuna. Nimekumbuka mwenyewe, nikiandika."

Kaka akasema akitazama ukuta, "Niliagizwa nilisafishe mimi. Nikakuingiza wewe, ulikuwa mdogo. Nikafunga, nikafungulia bomba. Utani, nilitaka ulie tu. Ulipolia nikavuta komeo, likakataa. Lina kutu. Nikakimbilia koki, nayo inazunguka bure. Nilikuwa nakusikia unaniita. Baadaye nikawa sikusikii."

"Mimi nakumbuka maji ya magotini."

"Yalikuwa kidevuni. Komeo lilipokubali mwishowe, niliona uso tu."

Fundi alijishika koo bila kujua.

"Kwa nini hukusema?"

"Baba alinikuta nimekubeba, akaanza kunisifu sijafungua mdomo. Nikaogopa. Kesho yake nikaogopa zaidi. Tulipokuwa watu wazima nikaanza kukuogopa wewe. Kila uliponishukuru nilidhani unajua, unanipima." Akameza mate. "Utaiandika?"

"Sijui."

"Ukiandika, wanangu wasiisome kabla sijawaambia kwa kinywa changu."

Jumapili kaka aliwaita wanawe wote. Alizungumza amesimama, kama alivyozoea mbele ya wanafunzi, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Fundi alikaa kiti cha karibu na mlango. Kaka alipomaliza, kitinda mimba wake akauliza, "Baba, na ungechelewa kidogo?"

Wifi akaanza kulia taratibu.

Sura ile ilimchukua fundi siku tatu, akaishona mahali pake kama sura nyingine. Kaka aliisoma mbele yake, akafunga kitabu, akasema, "La kuvunda halina ubani," na hawakulirudia jambo hilo.

Mwaka umepita. Wanatembeleana, anamwamkia, wanacheka. Ila kaka akipita nyuma ya kiti chake, fundi hukatiza mazungumzo na kugeuka, akamtazama mpaka aketi.