Mama Kilo Apasua Kartushi

Adolphine hakuwahi kuogopa gunia. Kwa miaka kumi na sita kazi yake ilikuwa kupima mawe kwenye depo moja ya kununulia madini kule Manika, Kolwezi. Kijana anatoka shimoni, anashusha gunia la shaba, anaapa kwa mama yake mzazi kwamba ni jiwe safi toka juu mpaka chini. Adolphine anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa udongo mtupu, anamtazama usoni: "Mutoto wangu, mama yako anasikia vile unamuapia?" Ndiyo maana vijana walimpa jina la Mama Kilo. Walimtukana leo, kesho wakarudi kwake, kwa sababu mwenye mawe mazuri hakupata mpimaji mwingine wa haki.

Alizaliwa Tenke, kwenye nyumba za reli, akaolewa Dilala na Mukuna, mchomeleaji mpole ambaye siku za mapumziko alikuwa mwindaji. Bunduki, kalibre 12 ya mtutu mmoja, haikuwa ya Mukuna. Ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Kalumba, mwenye kibali. Kalumba alitoa kartushi, yaani risasi za kupakia, Mukuna alitoa jasho, nyama wakagawana. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo bila maneno.

Lakini ukoo ule una mila yake. Mwindaji akiwa porini, bibi yake akae nyumbani na moyo mweupe, asigombane na majirani, na zaidi ya yote asitazame mwanaume mwingine. Bunduki ikigoma, basi ni bibi ameiharibu. Hakuna cha kuuliza mara mbili. Ajabu kweli! Mwanaume avute kidole porini, mwanamke aulizwe Dilala.

Kiangazi kile bunduki iligoma safari tatu. Ya kwanza Mukuna alimkaribia mbawala mpaka hatua ishirini, akavuta, bunduki ikasema ta! Basi, hakuna kingine. Ya pili vilevile. Ya tatu ilitoka pu, kama mzee anayekohoa, na mbawala akaondoka zake polepole, hata kukimbia hakujisumbua. Mukuna alimsimulia kaka yake, kaka akamsimulia kila mtu, na Jumapili baada ya misa familia ikaketi barzani kwa Kalumba. Adolphine alijua anaitiwa nini. Alikuja na mkoba wake wa kazi.

Aliyeongoza kikao alikuwa Tata Muteba, baba mdogo wa Mukuna na Kalumba, mzee wa sigara na maneno machache.

"Mama Adolphine," alisema, "tunakuita mu heshima. Bunduki imekataa mara tatu. Ungama jina ya ule mwanaume, ulete kuku mweupe tusafishe bunduki, maneno iishe. Ukikataa, utarudia kwenu Tenke. Batoto batabakia na baba yao."

Henriette, bibi ya Kalumba, aliitikia kutoka mlangoni: "Lisemwalo lipo." Alikuwa amelisema hilo wiki nzima, kisimani, sokoni, mpaka kwenye kwaya.

Adolphine alimtazama mume wake. Mukuna akatazama viatu vyake. Moyo ulimwuma, tena ulimwuma vibaya, kwa kuwa alikuwa amezaa watoto watatu na mtu huyu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko uchungu.

"Siungami," alisema. "Mulete kartushi."

"Kartushi ya nini?" Kalumba akang'aka. "Apa tunasema habari ya ndoa!"

"Shemeji, ile siku ya mbawala mi sikuwa pale. Kartushi njo ilikuwa pale. Iulizwe ye."

Tata Muteba alivuta moshi, akafikiri, akaamuru ziletwe. Kalumba akatoka na sanduku jipya, lilelile la zile safari tatu, kartushi nyekundu zilizong'aa kitakoni. Adolphine akapanga mezani mizani yake ndogo, sumaku, kisu, na kartushi moja ya kijani aliyoikuta kwenye koti la Mukuna, ya mwaka uliopita, wakati Kalumba alipokuwa bado ananunua za aina nyingine.

"Tata, zima sigara. Hii ni baruti."

Mzee akazima. Watu wakatazamana.

Alianza na kitako. Akagusisha sumaku kwenye kartushi ya kijani, ikaachia. Akagusisha kwenye nyekundu, ikanasa, akainyanyua juu ikining'inia ili kila mtu aone.

"Sumaku haishike shaba. Hata mutoto wa Kolwezi anajua. Hii ni chuma, banaipaka tu rangi. Na chuma inafanya nini? Muangalie." Akakwaruza kwa ncha ya kisu kuzunguka fataki, kile kidonge cha katikati kinachopigwa na nyundo ya bunduki. Kutu ikadondoka mezani. "Nyundo inapiga, fataki imeoza. Inasema ta. Mulitaka iseme nini, aleluya?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa haraka.

Akapasua ile ya kijani kwanza. Chembe za risasi zilikuwa sawasawa, mviringo. Chini yake kizibo kigumu, kikavu, na chini ya kizibo baruti ilimwagika kama mchanga. Kisha akapasua nyekundu tatu, moja moja, bila haraka. Chembe kubwa zilichanganyika na ndogo, nyingine bapa, nyingine zimegandana. Kizibo kilikuwa karatasi iliyosagwa, imevuta maji mpaka imevimba. Baruti ilishikana kama sukari iliyosahauliwa karibu na sufuria. Akaipima: ya kwanza nyingi, ya pili kidogo, ya tatu nusu ya ile ya kwanza.

"Kiwanda ni kimoja, sanduku ni moja, kila moja na uzito wake. Creuseur wa shimoni akinileteaga gunia ya namna hii, ninamufukuza. Njia ya mwongo ni fupi, Tata. Hii imefika kwenye meza."

Kalumba alitoka jasho. "Sanduku imelala mu nyumba yangu, chini ya kitanda changu! Pale hakuna maji!"

Angenyamaza angekuwa na akili. Tata Muteba aligeuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni. "Kumbe. Zililala kwa Kalumba, chini ya kitanda. Sasa, Mama Henriette..."

Henriette akashika mdomo kwa mikono miwili. Barza nzima ikamgeukia, macho yaleyale, njaa ileile. Adolphine angeweza kukaa kimya. Na kusema kweli alitamani, dakika moja hivi, yule mwanamke aonje alichokuwa anagawia kwaya nzima. Mkuki kwa nguruwe, si ndiyo? Lakini akapiga meza mpaka chembe zikaruka.

"Apana! Tata, na heshima yako yote, apana. Mi nimepasua nne. Nimekuta kutu. Nimekuta karatasi ya maji. Nimekuta baruti ya kuibia batu. Mwanamuke sijamukuta. Si mi, si Henriette. Kama kuna mwenye anamuona umu ndani, akuje anionyeshe na kidole."

Kalumba alitazama sanduku lake. Henriette alianza kulia, bila sauti, akiwa bado amesimama mlangoni.

Tata Muteba alijikuna kidevu. Mila ni mila, na mzee naye ana uso wa kulinda. "Basi, mama yangu. Tumesikia. Uende tu mu amani. Ila ulete ata kakuku kadogo, ju ya bankambo, bazee betu ba zamani, basikasirike."

"Hata yai sitaleta, Tata."

"Hata yai?"

"Hata yai."

Mzee akatafuta sigara yake, akakumbuka baruti, akairudisha mfukoni. Ndipo Mukuna akasimama. Alisimama kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake, akasema mbele ya ndugu zake wote: "Adolphine haende Tenke. Ni bibi yangu, na hana kosa."

Adolphine alikuwa anafuta kisu kwenye kitambaa. Hakuinua macho mpaka alipomaliza.

"Ayo maneno, Mukuna, nilikuwa naingojea kabla ya kisu," alisema. "Kisu ikiisha kupasua, hata kartushi inaisema."