Kichuguu Kwenye Ramani

Mimi ni mtu wa milimani, Mbulu, ambako kila kipande cha shamba kina mpaka na mwenyewe anajulikana. Serikali ikanipeleka kufundisha Hanang, kando ya mashamba ya ngano ya serikali. Ukisimama mlangoni mwa darasa unaona ngano mpaka macho yanachoka.

Wiki ile tulikuwa tunamsubiri mkaguzi, na mkaguzi nilimwogopa kuliko fisi. Nikawaambia darasa la nne wachore ramani ya maeneo yao tubandike ukutani. Msichana mmoja wa wafugaji, mtoto mpole, akachora shamba la ngano vizuri kabisa, halafu katikati akaweka kilima kidogo cha mviringo. Mimi na mdomo wangu, nikamwambia vichuguu haviwekwi kwenye ramani. Nikachukua ufutio, nikakifuta mwenyewe, nikamwambia hapo ni ngano tu, ajaze. Akajaza.

Kesho yake asubuhi baba yake akasimama mlangoni, shuka begani, fimbo mkononi. Jamani, niliogopa. Nilishasikia wafugaji walivyokuwa wakigombana na watu wa shamba juu ya ardhi yao iliyolimwa ngano, na kwao mimi nilikuwa mtu wa serikali. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, taratibu, na upole ule ndio ulionitisha zaidi.

Akanieleza kwamba kile si kichuguu. Ni kaburi la baba yake, mzee wa kuheshimiwa, ambalo ukoo mzima ulilijenga kwa udongo, kama kilima, kwa miezi kadhaa. Matrekta yalishalilima, hata udongo wake haujulikani tena. Ndiyo maana aliwaonyesha watoto mahali lilipokuwa, wasipasahau.

"Mwalimu, trekta halina macho," akasema. "Wewe unayo. Unawafundisha nini hawa watoto?"

Chuoni nilifundishwa kuandaa somo, hakuna aliyewahi kuniuliza kama kuna somo ambalo mtoto asifundishwe. Nikamwomba radhi. Akaondoka bila hata kupandisha sauti.

Nikamwita yule msichana, nikampa karatasi mpya. Nikasema moyoni, mkaguzi na aje. Nikamwambia achore kila kitu kama baba yake alivyomwonyesha. Akachora barabara, shule, shamba. Katikati akajaza ngano, mstari kwa mstari. Nikamuuliza, na kaburi la babu je?

"Hapo hakuna kitu, mwalimu," akanijibu kwa heshima zote. "Ni ngano tu."

Alikuwa amelishika somo langu. Sijawahi kuogopa namna ile, hata baba yake aliposimama mlangoni.