Nilikula Kuku wa Mama kwa Jina la Jini

Nianze na la aibu lisije likanisakama kooni: lile jini lililokuwa likiomba kuku wa kupaka na soda baridi nyumbani kwetu Mwabungo lilikuwa mimi! Mimi mwenyewe, mtu mzima na ndevu zangu!

Lakini mguu, jamani, mguu ulikuwa kweli. Nilikuwa nikiosha sahani katika hoteli moja ya Diani. Asubuhi moja nikaamka, mguu wa kushoto umeninunia kama mke aliyenyimwa leso. Nikiuambia twende, kimya! Hospitalini wakapiga picha, wakanigonga magoti, wakasema mishipa mizima, nenda nyumbani.

Mama akaamua: jini.

Rafiki yangu Mutua, Mkamba wa mapokezi pale hotelini, akatafuta kwenye intaneti, mdudu mpya waliyeletewa juzi pamoja na kompyuta yao. Mimi shule niliiachia darasa la sita, kwa hivyo akanisomea. Wagonjwa kama mimi wa huko Ulaya wameelezana humo: mguu haukukatika popote, ila ubongo umepoteza njia ya kuuamuru. Si uongo, si wazimu. Usilale tu. Fanya mazoezi huku akili iko kwingine: imba, tembea kinyumenyume. Pole pole utarudi.

Nikalia kwa furaha. Kisha nikarudi nyumbani, nikafunga mdomo.

Kwa nini? Kwa sababu mgonjwa wa jini hupewa! Mgonjwa wa kompyuta hupewa nini? Mazoezi! Mganga aliponifukiza ubani na kuuliza jini lataka nini, nikakoroma: "Kuku!" Kesho yake, soda. Mama alikuwa na kuku wake wa mayai uani. Nikawamaliza mmoja mmoja, nimejilaza mkekani kama sultani. Mguu nao ukazidi kuwa gogo.

Siku jini lilipoomba mbuzi, yule mmoja tu wa maziwa, mama ameshamshika kamba, Mutua akabisha hodi.

"Shikamoo mama. Huyu anafanyanga ile mazoezi?"

"Marahaba. Mazoezi gani, mwanangu?"

"Si nilimsomea? Walisema si jini, mama. Anajua tangu mwezi ule mwingine!"

Mama akanitazama mimi. Akamtazama mbuzi. Akauliza taratibu, "Na hilo jini, lilikuwa likipenda paja au kidari?"

Nilipenda vyote.

Tangu siku ile hakuniamini tena. Nilianguka nikienda chooni, nikaita, "Mama, mguu!" Akanipita na ndoo yake: "Mwambie jini akuinue." Na safari ile nilikuwa nimeanguka kweli! Nikalala mchangani nalia, na uani hakuna hata kuku mmoja wa kuja kunitazama.

Sasa natembea kinyumenyume, naimba, watoto wa jirani nyuma yangu wanakufa kwa kicheko. Hatua zinakuja. Mama hunichungulia dirishani.

Ndugu zangu, ukielezwa ugonjwa wako, waeleze wanaokuuguza! Usiugeuze mtaji wa tumbo. Iko siku utahitaji kuaminiwa, na utakuwa umeshakula yote.

Nilimuuliza Mutua kama mama ataniamini tena. Akacheka mpaka akaketi.

"Bana, mguu wako ni mgonjwa, lakini haujawahi kudanganya mtu. Mdomo ndio mzima. Anza mazoezi na huo."