Jiwe Nililokataa Lifunuliwe

Wiki iliyopita, nikiwa Kitale kununua mbegu, nililetewa ujumbe kwenye simu kwamba yule Bwana Vidudu ametutoka. Ndivyo tulivyomwita huku Kamukuywa, na jina hilo, wasomaji wangu, nililitunga mimi katika safu hii hii. Kazi yake ilikuwa kupima afya ya mito. Hakujali maji yana rangi gani. Aliingia na gambuti zake, akafunua mawe na kuhesabu vilivyojificha chini. Palipo na vidudu vyenye mikia mitatu, mto u mzima. Palipobaki minyoo myekundu mitupu, mto unaumwa, na hapo ndipo pa kuanza kupanda miti ya kienyeji.

Siku moja alipima kijito kinachopita shambani kwangu. Juu ya shamba vidudu vilijaa. Chini yake, minyoo. Sababu niliijua: nililima nyanya hadi ukingoni, na bomba la dawa nililioshea papo hapo. Nikamkaribisha nyumbani, tukachinja kuku, nikampa firigisi, kipande ambacho kwetu mgeni hapewi hivi hivi. Akala, akashukuru. Siku ya baraza la kuchagua kijito cha kufufuliwa, nikihofia miti ingechukua nafasi ya nyanya zangu, nilisimama na chupa ya maji yangu, meupe kabisa. Nikauliza, "Ati hii maji ni mgonjwa? Si huyu bwana aende ahesabu kunguni kwa kitanda yake." Watu wakacheka sana. Alikuwa na daftari mkononi, na shamba langu lilikuwa humo. Akalifunga. Miche ya miti ikapelekwa kwenye kijito kingine, upande wa Naitiri. Tulipotoka alinivuta kando.

"Mzee, nimekula kwako, siwezi kukuaibisha mbele ya watu," alisema. "Lakini wale wanachota huko chini hawakukula na sisi."

Nilimcheka hata hapo, na nyanya zikaendelea. Mazishini nilipewa nafasi ya kusema, nikasifu upole wake bila kutaja nilivyoutumia. Mama mmoja anayeteka maji chini ya shamba langu alikaa mbele, akanipigia makofi. Naona haya mpaka sasa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi nilificha maradhi yaliyomo kwenye mtungi wa mwingine. Ukarimu unaomfunga mgeni mdomo ni hongo, hata ukipakuliwa kwenye sahani. Nyanya za ukingoni nimeshazing'oa. Jana nilikwenda kwa yule mama, nikamweleza yote. Aliinuka, akaumwaga mtungi wake wa maji.